Masimango hayamo kwenye sheria

Jumanne moja ya mwaka 2019 niliingia kazini saa nne asubuhi, kama nilivyokuwa nikiingia kila Jumanne. Nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam inayosambaza bidhaa za madukani. Jumanne ilikuwa siku ya mwanangu ya mazoezi ya viungo, na ruhusa ya kuchelewa nilikuwa nayo kwa maandishi, imesainiwa. Saa mbili nilizozikosa asubuhi nilizifidia jioni. Siku hizo mlango wa stoo nilikuwa naufunga mimi. Msimamizi wangu alikuwa amesimama kwenye mzani na vijana wa kupakia mzigo. Akanitazama nikiishindilia mbeleko ndani ya mkoba, kisha akawauliza wale vijana, si mimi: "Hivi huyu mama tumemwajiri yeye, au tumemwajiri na kale katoto kake?"

Walicheka. Mmoja hakucheka. Aliinama akaendelea kuhesabu katoni, na mpaka leo namkumbuka yeye kuliko wote.

Mwanangu sitamtaja jina hapa. Siku akitaka lijulikane atalitaja mwenyewe. Alizaliwa 2014, akachelewa kulia, na kabla hajatimiza mwaka tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Mwaka ule alikuwa na miaka mitano, hawezi kukaa bila kuegemezwa, nami nilikuwa namtoa Mbagala kwa daladala, mgongoni, kwa sababu kiti mwendo konda hakitaki; kinakula nafasi ya abiria wawili. Maneno yake tulikuwa tunayaelewa watu wanne tu: mimi, bibi yake, dada yake na mtaalamu mmoja wa mazoezi. Lakini yeye anaelewa kila kinachosemwa. Hilo wengi hawalijui, ndiyo maana hawaoni shida kusema lolote mbele yake.

Kwa muda mrefu sikujua lile neno la kwenye mzani niliite nini. Sikutukanwa. Sikuguswa. Mshahara haukukatwa hata shilingi. Ukienda kushtaki utasema umefanywa nini? Kwamba msimamizi aliuliza swali? Bibi yake mtoto ndiye aliyenipa jina nilipomsimulia jioni ile, bila hata kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anapeta: "Wanakusimanga."

Basi ndilo hilo, masimango. Mtu anakupa kitu, au anakuachia kilicho haki yako, kisha kila mkikutana anakukumbusha kwamba unakila. Anayesimangwa hanyang'anywi chakula. Anaachiwa sahani mbele yake, na kila tonge linamkwama kooni mpaka anyanyuke mwenyewe. Waliolelewa kwa ndugu wanalijua vizuri kuliko ninavyoweza kulieleza.

Baada ya siku ile ikawa kila wiki. Wenzangu walipopangiwa semina Morogoro jina langu lilikatwa, na nilipouliza nikajibiwa, "Wewe si una mambo yako?" Hesabu ya sukari ilipopungua mifuko sita, kabla hata hatujarudia kuhesabu, nikasikia, "Huyu akili yake iko hospitali." Mwenzangu mmoja alikwenda Tanga siku tatu kwenye shughuli za harusi ya mdogo wake, akarudi akapokewa kwa vigelegele, na mimi nilishangilia, maana harusi ni jambo jema. Nilichokuwa napima moyoni ni uzito wa siku zake tatu na uzito wa saa zangu mbili.

Halafu kuna yule mteja, mwenye duka la jumla. Alikuwa akija kuchukua mzigo, siku moja akaniuliza mbele za watu ni mwenzangu gani niliyemtenda mabaya hata nikazaa mtoto wa namna ile. Msimamizi alikuwa pale pale. Alitabasamu, akamsainia risiti.

Mwanangu akalazwa kwa nimonia, siku tisa. Wakati ule sheria ya kazi ilikuwa inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo, katika mzunguko mzima wa likizo, kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku 4 hizo ni jumla ya yote. Zikiisha, nyingine zinakuwa bila malipo. Mtoto kuugua na mtoto kufa vimewekwa kwenye kapu moja. Zangu nilikuwa nimeshazitumia, nikakata likizo yangu ya mwaka. Niliporudi nikakuta meza yangu imehamishiwa mlangoni, kwenye vumbi na moshi wa malori. Nikaambiwa ni kwa faida yangu, ili nikitoka ghafla nisiwasumbue watu.

Machi 2020 niliacha kazi. Niliandika barua kama tulivyofundishwa kuandika barua, yenye anwani mbili na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na mwishoni nikaweka sentensi ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala: "Nashukuru kwa ushirikiano mkubwa mlionipa kwa kipindi chote." Hakuna aliyenilazimisha kuiandika. Ndiyo adabu ya barua.

Miezi mitano baadaye, kwenye benchi la kliniki, mama mmoja alinikutanisha na kaka yake, msaidizi wa kisheria. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhesabu mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike kuwa ameachishwa kazi. Kumbe nilikuwa nimeachishwa. Ila lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, ukitoa sababu za maana. Akaniuliza, "Una ushahidi gani, dada?" Nikamwonyesha nakala ya barua. Akaisoma hadi mwisho, akaikunja taratibu, akanirudishia.

Sikwenda Tume. Nilianza kusoma.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ndicho kinachokataza ubaguzi kazini. Kinataja sababu nyingi ambazo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu: rangi, kabila, mahali alikotoka, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, na nyinginezo. Kisha kuna kijifungu kifupi, mstari mmoja na kidogo, kinachosema kwamba kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu yoyote kati ya hizo ni aina ya ubaguzi na ni marufuku. Zaidi ya hapo, mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Nilipofika hapo ilibidi niweke simu chini. Muda wote ule kinga ilikuwepo, nami nilikuwa nafunga mlango wa stoo usiku nikidhani sina hata pa kushika.

Lakini nisome vipi? Sheria yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipobadilisha utaratibu na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na kazi ya kuzitafsiri sheria zote zile si ya siku moja. Neno la Kiingereza lililotumika pale tunalitafsiri "unyanyasaji", na hapo ndipo shida yangu ya kwanza na kifungu hicho inapoanzia. Mtanzania akisikia unyanyasaji anaona kofi, anaona mfanyakazi wa ndani aliyechomwa na pasi, anaona bosi anayedai rushwa ya ngono. Haoni swali lililoulizwa kwenye mzani. Na kijifungu chenyewe hakisemi ni nini kinachohesabika na nini hakihesabiki. Kinakataza, kinapita.

Shida ya pili ni swali la ulemavu wa nani. Niliisoma Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya nchi yetu kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Ni sheria ninayoiheshimu. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Mwanangu nilimwona humo, nikamwona hata akiwa mtu mzima anatafuta kazi. Mimi, mfanyakazi nisiye na ulemavu, ninayeadhibiwa kwa sababu ya ulemavu wa mtoto niliyemzaa, sikuona mahali paliponisemea.

Nikarudi juu kabisa, kwenye Katiba, na ninaomba anayesoma hapa asipite haraka. Ibara ya 13(5) inaeleza kubagua ni nini, na inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Ulemavu haumo. Neno hilo limo kwenye Ibara ya 11, inayozungumzia haki ya kupata msaada kutoka kwa jamii "wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu". Yaani Katiba yetu inamjua mtu mwenye ulemavu kama mtu wa kusaidiwa, akiwa kati ya mzee na mgonjwa. Pale panapozungumziwa kubaguliwa, hajatajwa. Tena Ibara ya 11 imo kwenye sehemu ambayo Ibara ya 7 inasema haiwezi kutekelezwa kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikuwa na ibara ya haki za watu wenye ulemavu, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa na mpaka leo haijapigwa.

Sidhani kama yule msimamizi wangu aliwahi kuisoma Ibara ya 11. Ila alikuwa akifikiri kama ilivyoandikwa. Ruhusa yangu ya Jumanne kwake ilikuwa msaada, na aliyekupa msaada anaona ana haki ya kukukumbusha. Masimango huota mahali ambapo haki imeitwa hisani. Ndiyo maana siamini kwamba semina za kuwafundisha mameneja upole zitatosha. Panahitajika maneno ndani ya sheria.

Maneno hayo yameshawahi kupatikana kwingine, na yalipatikana kwa sababu ya mama mmoja. London, mwaka 2002, katibu wa ofisi ya mawakili aliyeitwa Sharon Coleman alijifungua mtoto aliyehitaji uangalizi maalumu kwa matatizo ya kupumua. Aliacha kazi Machi 2005, na mwaka huohuo akafungua shauri. Alidai kwamba wazazi wenzake wenye watoto wasio na ulemavu walipewa unafuu wa saa ambao yeye alinyimwa, kwamba alipoomba muda wa kumhudumia mtoto aliitwa mvivu, kwamba yalisemwa maneno ya kuudhi juu yake na juu ya mtoto. Nilipoyasoma hayo nilikuwa nimekaa kwenye ndoo ya maji jikoni, na nilihisi kama kuna mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mzani wetu akiandika.

Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimlinda mtu mwenye ulemavu mwenyewe. Coleman hakuwa na ulemavu. Baraza la kazi likapeleka swali kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg, na tarehe 17 Julai 2008 mahakama ikajibu kwamba mwelekezo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2000 kuhusu usawa kazini, ambao Uingereza ilipaswa kuufuata wakati huo, haukuwekwa kwa ajili ya kundi fulani la watu, umewekwa kukataza sababu fulani. Ulemavu ukishakuwa ndiyo sababu ya mtu kutendewa vibaya, haijalishi umo kwenye mwili wake au kwenye mwili wa mtoto anayemlea. Na mahakama ikasema hivyohivyo kuhusu unyanyasaji.

Nikarudi kwenye kifungu chetu cha 7 nikakisoma upya kwa jicho hilo. Na chenyewe kinataja sababu! Kinasema mwajiri asibague kwa sababu ya ulemavu. Hakisemi ulemavu wa nani. Tena majukumu ya kifamilia yametajwa waziwazi. Wakili mzuri angeweza kunisimamia kwa maneno yaleyale yaliyopo. Lakini karani wa stoo haishi kwa kungoja wakili mzuri na tafsiri ya mahakama. Anahitaji sentensi anayoweza kuinyooshea kidole siku ileile, pale pale kwenye mzani.

Uingereza iliiandika sentensi hiyo kwenye Sheria ya Usawa ya 2010. Humo unyanyasaji ni tendo lisilotakiwa, linalohusiana na ulemavu au sifa nyingine inayolindwa, ambalo lengo lake au matokeo yake ni kuvunja heshima ya mtu au kumwekea mazingira ya vitisho, uadui, kumdhalilisha au kumfedhehesha. Maneno ninayoyapenda humo ni mawili: linalohusiana, na matokeo. "Linalohusiana" linaniingiza mimi na mwanangu pamoja. "Matokeo" linamnyima mtu ule mlango wa "nilikuwa natania". Ndani ya sheria hiyo palikuwa pia na kinga dhidi ya unyanyasaji wa wateja na wageni, ikaondolewa 2013. Nilihuzunika kusoma hivyo, nikimkumbuka yule mwenye duka la jumla na risiti yake.

Hapa kwetu, kila inapozungumzwa kwamba Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipitiwe upya, mjadala huenda kwenye miundombinu, mikopo na ile asilimia 3. Ni mambo ya msingi. Majirani zetu Kenya wameshaiondoa sheria yao ya 2003 na kuweka mpya ya 2025, iliyotokana na muswada wa Seneta Crystal Asige, mwanamke asiyeona. Uganda na Rwanda ziliridhia mwaka 2023 Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unahesabu ukatili na unyanyasaji kazini hata ukitokea mara moja tu. Nasi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa haki za watu wenye ulemavu tulioridhia ilishatueleza mwaka 2018, kwenye maoni yake ya jumla namba 6, kwamba unyanyasaji ni mojawapo ya sura za ubaguzi, na kwamba anayebaguliwa kwa kuhusiana na mtu mwenye ulemavu naye analindwa. Hatungekuwa tunabuni kitu kigeni.

Kuna pingamizi mbili ninazokutana nazo. Ya waajiri ni kwamba sheria ikiwa kali, hawatatuajiri kabisa kina mama wa namna yetu. Naijibu kwa kifupi: wanaosema hivyo wameshaanza kutotuajiri, na kumkatalia mtu kazi kwa sababu hiyo ndiyo ubaguzi wenyewe.

Ya pili inaniuma zaidi kwa sababu inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Kijana mmoja anayetumia kiti mwendo, kiongozi kwenye chama chao, aliniambia kwenye mkutano: "Mama, tumepigania miaka mingi tusisemewe na wazazi. Leo sheria yetu mnataka iwe yenu." Wana msemo wao, hakuna chochote kuhusu sisi bila sisi, na wameulipia gharama. Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikalala nalo. Wapo wazazi wanaowafungia watoto ndani, wapo wanaokula posho zao, na mzazi anayesema "sisi" mara nyingi anasema "mimi". Nimejikagua na kuna mahali nimejikuta humo.

Nilimrudia baada ya wiki mbili. Nilimwambia sitaki kukaa kwenye kiti chake. Nilimwuliza: mimi nilipotoka pale stoo, nani alikosa mazoezi? Miezi saba mwanangu hakupelekwa, nauli na ada viliponishinda, na nyonga zake zikakaza kiasi cha kuhitaji upasuaji. Aliyelengwa kwa maneno nilikuwa mimi, aliyefikiwa ni yeye. Sensa ya 2022 ilipata kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Wengi wao wana mtu anayeondoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta hela ya dawa na nauli, na mtu huyo akifukuzwa kwa masimango, haki nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya mwenye ulemavu zinabaki karatasini. Kijana alinisikiliza. Akasema, "Basi andika hivyo, lakini mwanao awe wa kwanza kwenye sentensi, wewe wa pili." Nimekubali. Ana haki.

Kwa hiyo nimeandika, nyuma ya karatasi ya miadi ya kliniki, kisha nikainakili vizuri kwa ajili ya kikundi chetu cha wazazi kinachokusanya maoni. Inasema hivi: "Ni marufuku kumnyanyasa mtu mwenye ulemavu, au mtu yeyote anayemlea, anayemsaidia au anayehusiana naye, kwa sababu ya ulemavu huo. Unyanyasaji ni pamoja na maneno, kejeli, masimango au vitendo, hata vikitokea mara moja, ambavyo lengo lake au matokeo yake ni kumvunjia mtu heshima au kumfanya ashindwe kubaki kazini. Mwajiri atawajibika pia pale anapoona mteja au mgeni akifanya hivyo naye akanyamaza." Chini yake nikaongeza kwamba pale masimango yanapojirudia, siku 60 zihesabiwe kuanzia tukio la mwisho. Aliyemo ndani ya jambo la namna ile hajui lilianza lini. Mimi nimesema lilianza kwenye mzani kwa sababu hapo ndipo nilipolisikia kwa masikio yangu.

Yule msaidizi wa kisheria ameipitia rasimu yangu kwa kalamu nyekundu. Amerekebisha mpangilio, ameondoa koma mbili, na "masimango" amelizungushia duara akaandika pembeni kwamba si neno la kisheria, niweke "maneno yasiyofaa". Nimesahihisha kote alikosema. Hapo kwenye duara nimeliacha lilivyo, na Jumamosi ndivyo litakavyosomwa kwenye kikao.